Mwanangu ananiambia Yesu hakuwahi kuwapo. Nimjibu nini?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni katekista, nawafundisha watoto wa komunyo ya kwanza hapa parokiani kwetu. Kijana wangu wa mwisho yuko chuoni mwaka wa pili, na likizo hii amerudi na maneno mapya. Ameona video kwenye simu zinazosema Yesu ni hadithi ya kutungwa, kwamba hakuna mtu wa wakati wake aliyeandika habari zake, na kwamba hata wasomi wa Ulaya wameshaachana naye. Imani yangu haijatikisika, ila sikuwa na jibu la kumpa. Je, wanahistoria wanasemaje, hasa wale ambao si watu wa dini? Na je, kuuliza hivi ni dhambi?

JIBU: Shikamoo, mama.

Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo jepesi. Fungua Injili ya Luka, mistari ile minne ya mwanzo. Luka anamwambia Theofilo kwamba watu wengi wamekwisha kuandika habari hizi, na kwamba yeye "amejitafutia kwa usahihi" mambo yote tangu mwanzo. Mwinjili mwenyewe alitafuta, akauliza, akapanga alichokipata. Anayeuliza leo anafuata nyayo zake.

Sasa tuje kwa kijana. Walio wengi mno kati ya wanahistoria wanaoishughulikia Palestina ya karne ya kwanza wanakubali kwamba Yesu wa Nazareti aliishi na kwamba alisulubiwa kwa amri ya Pontio Pilato. Hili halitegemei imani ya mtu. Bart Ehrman wa Marekani, aliyeacha Ukristo na asiyesita kusema hivyo, aliandika kitabu kizima mwaka 2012 kuwajibu wanaodai Yesu hakuwapo. Maurice Casey wa Uingereza, naye si muumini, alifanya vivyo hivyo mwaka 2014. Wanaokana kuwapo kwake wapo tangu mwishoni mwa karne ya 18, na wachache kati yao ni watu waliosoma sana, lakini hoja zao hazijawahi kuwashawishi wenzao wa fani hiyo. Kwenye simu wanasikika kwa wingi. Vyuoni ni wa kuhesabika.

Hata hivyo usimwambie kijana kwamba amekosea kila kitu. Ni kweli hatuna hata mstari mmoja ulioandikwa Yesu akiwa hai. Kosa lake ni kudhani ukimya huo una maana kubwa. Mtazame Pilato mwenyewe. Huyu hakuwa fundi wa kijijini. Alikuwa mkuu wa Uyahudi kwa niaba ya Roma kwa miaka 10 hivi, kuanzia mwaka 26 hadi 36, akiwa na askari na makarani chini yake. Ofisi yake haikutuachia waraka hata mmoja. Mpaka katikati ya karne iliyopita jina lake tulilijua kwa waandishi tu: Injili, Philo wa Alexandria, Josephus na Tacitus. Mwaka 1961 waakiolojia kutoka Italia waliokuwa wakichimba ukumbi wa maonyesho wa kale huko Kaisaria, kwenye pwani ya Mediterania, walikuta jiwe ambalo mafundi wa zama za baadaye walikuwa wamelitumia kujengea ngazi. Upande wa kushoto limemomonyoka, lakini herufi za Kilatini bado zinasomeka: mstari wa kwanza unataja jengo la heshima kwa Kaisari Tiberio, wa pili "...TIVS PILATVS", wa tatu mabaki ya cheo chake. Hilo ndilo jiwe pekee lenye jina lake tulilo nalo. Kama gavana wa Roma ametuachia jiwe moja lililovunjika, seremala wa Galilaya asiyekuwa na cheo wala jeshi tulitegemea atuachie nini?

Kwa hiyo mwanahistoria anauliza swali jingine: shahidi wa karibu zaidi tuliye naye ni nani, na alikuwa na sababu gani ya kusema alichosema?

Shahidi huyo ni Paulo, wala si Injili. Watu wengi hulisahau hili kwa sababu Biblia imepanga Injili mbele. Barua za Paulo ziliandikwa kuanzia karibu mwaka 50, yaani miaka 20 hivi tu baada ya kusulubiwa. Barua kwa Wagalatia ni miongoni mwa zile ambazo hata wakosoaji wakali wanakubali ni za mkono wake. Katika sura ya kwanza anasimulia, tena kwa ukali, kwamba miaka mitatu baada ya kuongoka alipanda Yerusalemu kuonana na Kefa, yaani Petro, akakaa kwake siku 15. Mtume mwingine hakumwona isipokuwa Yakobo, ndugu yake Bwana. Kisha anaapa mbele za Mungu kwamba hasemi uongo.

Angalia anachokitetea pale. Hana haja ya kuthibitisha kwamba Yesu aliishi. Hakuna aliyekuwa akibishania hilo. Anataka Wagalatia waamini kwamba Injili yake hakuipokea kwa wakubwa wa Yerusalemu. Ziara ile inamharibia hoja. Angeweza angeificha, lakini wapinzani wake wanaijua, basi inambidi aitaje na aipunguze uzito: zilikuwa siku 15 tu, na niliwaona wawili tu. Katika kazi yetu ushuhuda wa namna hii ni dhahabu, maana umetoka kwa mtu ambaye haumfaidii. Na huyo Yakobo, kama tutamwita ndugu wa tumbo moja au jamaa wa karibu kama Kanisa lako linavyofundisha, kwa hoja hii ni mamoja. Mtu wa kubuniwa hana ndugu wala binamu wa kukutana naye Yerusalemu.

Yakobo huyo huyo anajitokeza tena kwa mwandishi ambaye si Mkristo. Josephus alikuwa Myahudi wa ukoo wa makuhani, aliyezaliwa Yerusalemu mwaka 37 hivi. Katika kitabu chake cha historia ya Wayahudi, alichokimaliza Roma mwaka 93 au 94, anaeleza kisa cha mwaka 62. Gavana Festo amekufa, gavana mpya Albinus bado yuko njiani, na kuhani mkuu Ananus anaitumia nafasi hiyo kuitisha baraza na kumhukumu kupigwa mawe "Yakobo, ndugu wa Yesu aitwaye Kristo", pamoja na wengine. Watu wa mji wenye msimamo wa haki wakalalamika, na Ananus akavuliwa ukuhani mkuu. Habari yenyewe inamhusu Ananus na kiburi chake. Yesu ametajwa ili msomaji ajue ni Yakobo yupi. Josephus alikuwa kijana wa miaka kama 25 wakati huo, na mji ni wake.

Kuna kifungu kingine cha Josephus, kirefu zaidi, ambacho pengine kijana wako amekisikia kikiitwa cha kughushi. Hapo ana haki kwa sehemu. Kifungu hicho kama kilivyotufikia kinasema "huyu alikuwa Kristo", maneno ambayo Myahudi asiyemwamini Yesu hawezi kuyaandika, na Origen, mwalimu Mkristo wa karne ya tatu, anatuambia wazi kwamba Josephus hakumkubali Yesu kuwa Kristo. Wengi wetu tunaona kwamba Josephus aliandika kitu kifupi kuhusu Yesu, na mnakili Mkristo akaongeza sifa. Mimi sikitegemei sana. Habari ya Yakobo inanitosha.

Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi aliyeandika karibu mwaka 116, anasema baada ya moto ulioteketeza Roma mwaka 64, Nero aliwasingizia Wakristo, na kwamba jina lao linatokana na Kristo, aliyeuawa na Pilato wakati wa Tiberio. Dini yenyewe anaiita ushirikina wenye kuleta maangamizi. Hakuwa rafiki.

Kijana atakujibu: sawa, lakini Injili zimejaa miujiza, na zimeandikwa baadaye. Marko iliandikwa karibu mwaka 70, Mathayo na Luka miaka ya 80 au 90, Yohana mwishoni mwa karne. Kati ya msalaba na Marko ni miaka 40 hivi ya masimulizi ya mdomo. Tutaaminije?

Hapo sisi wa Afrika Mashariki tuna la kusema kuliko wengi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, mwanzoni mwa vita vya Maji Maji. Mwaka 1968 wanafunzi na walimu wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliokuwa bado wanakumbuka. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 60, zaidi ya ile iliyo kati ya Yesu na Mathayo. Wazee walieleza jinsi Kinjikitile alivyochukuliwa na pepo akazama bwawani, akatoka siku iliyofuata nguo zake zikiwa kavu. Hakuna mwanahistoria aliyesema, kwa kuwa masimulizi yana bwawa na pepo, basi Kinjikitile hakuwapo. Walichofanya ni kulinganisha shahidi na shahidi, na masimulizi na nyaraka za Wajerumani, wakatenga mambo: huyu mtu aliishi, alihubiri hivi, watu walimwamini hivi, aliuawa tarehe hii. Kilichotokea ndani ya maji hawakukitolea hukumu, ila waliandika kwamba watu wa wakati ule walikisadiki, na kusadiki kwao kulileta vita. Simlinganishi Kinjikitile na Bwana wako, mama. Nalinganisha kazi ya mwanahistoria, na kazi ni ile ile.

Wala si bahati kwamba wataalamu wa Agano Jipya leo wanamsoma Jan Vansina, Mbelgiji aliyejifunza mbinu za kupima masimulizi ya mdomo kwa Wakuba wa Kongo, kisha Rwanda na Burundi, na kuchapisha kitabu chake cha kwanza kuhusu mbinu hizo mwaka 1961. Wazee wa maeneo yetu wamewasaidia wasomi wa Ulaya kuelewa jinsi Injili zilivyoweza kusafiri kwa ulimi.

Nikuonyeshe sasa jinsi upimaji wenyewe unavyokwenda, kwa kisa kimoja unachokifundisha kila mwaka: ubatizo wa Yesu. Weka Injili zote nne mezani kwa pamoja.

Marko, iliyo ya kwanza, inasema bila wasiwasi kwamba Yesu alikuja kutoka Nazareti ya Galilaya akabatizwa na Yohana katika Yordani. Mistari michache nyuma imetuambia ubatizo wa Yohana ni wa toba, kwa ondoleo la dhambi. Msomaji wa kwanza lazima alishtuka: Yesu alitubu nini? Tena anayebatiza si mkubwa kuliko anayebatizwa? Sasa nenda Mathayo. Imeongezwa mazungumzo ambayo Marko hana: Yohana anataka kumzuia, anasema mimi ndiye ninayehitaji kubatizwa na wewe, na Yesu anamtuliza kwamba imepasa kutimiza haki yote. Nenda Luka. Kabla ya kusimulia ubatizo, Luka ameshaeleza kwamba Herode alimfunga Yohana gerezani. Kisha anasema Yesu naye alibatizwa, bila kutaja ni nani aliyembatiza. Nenda Yohana. Mbatizaji anashuhudia kwamba alimwona Roho akishuka juu ya Yesu, lakini tendo lenyewe la kubatiza halisimuliwi popote.

Unaona jinsi jambo hili lilivyowatatiza waandishi? Kila mmoja anatafuta namna ya kulibeba, na hakuna anayethubutu kulifuta moja kwa moja. Kama habari za Yesu zingekuwa za kutungwa mezani, nani angetunga tatizo la namna hiyo kisha vizazi viwili vihangaike nalo? Ubatizo ule ulitokea, ulijulikana, na haukufichika. Kwa njia hiyo hiyo tunaupima msalaba. Kifo cha msalaba kilikuwa cha watumwa na waasi, na Paulo mwenyewe anakiri kwamba kwa Wayahudi kilikuwa kikwazo na kwa mataifa upuuzi. Mtu anayebuni mkombozi haanzii hapo. Najua ndugu zetu Waislamu wanaamini kwa aya ya 157 ya Sura An-Nisaa kwamba Nabii Isa hakusulubiwa, na msimamo huo unasimama juu ya ufunuo wanaouheshimu. Mimi hapa nasema tu vyanzo vya karne ya kwanza na ya pili, vya marafiki na vya maadui, vinasema nini, navyo vinasema alisulubiwa.

Wapo wenzangu siku hizi wanaoonya kwamba vipimo hivi vimetumika kupita uwezo wake. Dale Allison wa Princeton amesema kwa miaka mingi kwamba kumbukumbu ya binadamu hushika sura ya jumla vizuri kuliko neno moja moja. Nakubaliana naye. Naweza kukuhakikishia kwamba Yesu alihubiri ufalme wa Mungu kwa mifano; siwezi kukuhakikishia kila sentensi ilitamkwa hivyo hivyo, zaidi kwa kuwa alinena Kiaramu na sisi tunamsoma kwa Kigiriki kilichotafsiriwa. Kuna mahali pachache Marko anatuachia sauti yenyewe: "Talitha, kumi", "Efatha", "Aba".

Kuhusu madai kwamba wasomi wa Ulaya wameachana naye, ukweli ni kwamba kwa miaka 250 wameshindwa kumwacha. Hermann Samuel Reimarus wa Hamburg aliandika uchunguzi mkali juu ya Yesu akauficha mpaka alipofariki mwaka 1768. Mwandishi Mjerumani Lessing akauchapa vipande vipande kuanzia 1774 bila kumtaja jina. David Friedrich Strauss alitoa kitabu chake mwaka 1835 akiwa na miaka 27, na kikamgharimu kazi yake Tübingen. Baada yake kila mtu aliandika "maisha ya Yesu" yake. Mwaka 1906 Albert Schweitzer, ambaye miaka saba baadaye alikwenda Lambaréné nchini Gabon kuwa daktari, aliyapitia yote na kuonyesha jambo linalouma: kila mwandishi alikuwa amemchora Yesu anayefanana na yeye mwenyewe. Mwenye falsafa alimpata mwanafalsafa, mpole wa Kijerumani alimpata mpole wa Kijerumani.

Jambo hilo lilikuja kuwa baya kuliko Schweitzer alivyoweza kufikiri. Mwaka 1939, chini ya utawala wa Hitler, ilifunguliwa taasisi huko Eisenach ya kufuta kile walichokiita athari ya Kiyahudi katika maisha ya kanisa la Ujerumani. Mkurugenzi wake wa kitaaluma, Walter Grundmann, profesa wa Agano Jipya, alichapisha kitabu mwaka 1940 akidai Yesu, kwa kuwa ni wa Galilaya, pengine hakuwa Myahudi kabisa. Huyu hakuwa mtu wa mtaani. Alikuwa mtaalamu mwenye vyeti. Sisomi habari hiyo bila kuona aibu kwa fani yangu, na kila mwanafunzi wangu huisikia kabla ya kufungua kitabu kingine chochote.

Jibu lilitoka kwa vitabu na kwa udongo. Mwaka 1973 Geza Vermes, mzaliwa wa familia ya Kiyahudi ya Hungaria ambaye wazazi wake waliangamia katika mauaji ya halaiki, akiwa mwalimu wa Oxford, alichapisha kitabu kilichomrudisha Yesu kati ya watu wake, mwalimu na mponyaji wa Galilaya. Waakiolojia nao wamekuta Galilaya ya karne ya kwanza ikiwa na mabirika ya kujitakasa, vyombo vya mawe laini ambavyo kwa sheria havipokei unajisi, na mifupa ya nguruwe michache mno. Ile mitungi sita ya mawe ya harusi ya Kana, katika Yohana sura ya pili, ndiyo vyombo hivyo. Leo hakuna mtaalamu wa maana anayemtafuta Yesu nje ya dini na jamii ya Kiyahudi.

Basi tunakubaliana nini? Kwamba alizaliwa kabla kidogo ya mwaka 4 KK, maana Herode Mkuu alikufa mwaka huo. (Sensa ya Kirenio, gavana wa Roma, ambayo Luka anaiunganisha na kuzaliwa huko, ilifanyika mwaka 6 BK, na pengo hilo la karibu miaka 10 hakuna aliyeliziba vizuri, usilifiche kijana akikuuliza.) Kwamba alikulia Nazareti, akabatizwa na Yohana, akahubiri Galilaya, akawa na wale Thenashara, akajulikana kwa kuponya na kutoa pepo, na hata wapinzani walibishana juu ya nguvu anazotumia, si juu ya kama anaponya. Kwamba alikwenda Yerusalemu wakati wa Pasaka, akafanya jambo hekaluni lililowaudhi wakubwa, akasulubiwa mwaka 30 au 33. Na kwamba muda mfupi baadaye wafuasi wake walisema wamemwona hai, na wengine wakafa kwa neno hilo. Kwamba waliamini hivyo, historia inaona wazi. Kama Mungu alimfufua, historia haina chombo cha kulipima, na yeyote anayekwambia ina chombo hicho, awe muumini au mpinzani, amevuka mpaka. Tunakobishana sana ni juu ya alivyojifikiria yeye mwenyewe, na kama aliutarajia ufalme uje katika kizazi kile.

Ukikaa na kijana, usianze na video wala usianze na mimi. Msomeni Wagalatia sura ya 1 na ya 2, mtafute ni wapi Paulo anasema jambo asilotaka kulisema. Kisha msomeni Marko yote kwa mkao mmoja. Kwa sauti inachukua kama saa moja na nusu. Akikukuta na swali usiloweza kulijibu, liandike pembeni, kisha niandikie tena.